Ukingatwa na mbwa, paka au hata punda: mwongozo kamili wa kujikinga na kichaa cha mbwa, kwa sisi wa Dodoma na vijiji vyake

Naanza na kajibwa kamoja maana ndo kalikotufundisha adabu ukoo mzima. Ilikuwa mwezi wa tisa, lile vumbi letu limeshika kweli, mpwa wangu wa miaka saba yuko kwa bibi yake upande wa Nala, na pale nyumbani kuna kajibwa ka miezi mitatu hivi kanacheza na watoto wote. Kakamng'ata kisigino. Kidogo kweli, vitundu viwili kama umechomwa na mwiba, damu tone moja, watu wakacheka, bibi akafuta na khanga yake yakaisha. Baada ya siku tatu kajibwa kakawa kanajificha chini ya kitanda, taya limelegea, mate yanachuruzika, hakali hakanywi, kesho yake kakafa na mtu akaenda kukatupa korongoni. Mi niliyajua yote haya kwa bahati tu, nimepiga simu kusalimia, shikamoo mama, marahaba, tukaongea habari za maji na bei ya uwele, alafu katikati ya maongezi akachomekea "na yule mbwa mdogo kafa, sijui alikuwa na mafua". Nikamuuliza, alimng'ata mtu? Kimya. Alafu akasema, labda huyu mpwa wako, lakini kidogo tu.

Hiyo "kidogo tu" ndo inanifanya niandike. Mtu akirarurwa paja na mbwa mkubwa nyumba nzima inapiga kelele na boda inaitwa saa hiyohiyo. Anayeachwa ni yule mwenye kajeraha kadogo, hasa mtoto, hasa kama mbwa mwenyewe ni wa nyumbani na anajulikana jina. Virusi havipimi ukubwa wa jeraha, vinachotaka ni mate yafike kwenye nyama, basi.

KWANZA UJUE UNACHOSHINDANA NACHO

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama anayeumwa. Akikung'ata, akikukwaruza kwa kucha alizozilamba, au akikulamba penye kidonda au machoni au mdomoni, vinaingia. Vikishaingia havikimbilii kwenye damu kama malaria, vinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kuanza kupanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi inachukua miezi miwili mitatu, ila inaweza kuwa chini ya mwezi na wengine imefika mwaka na zaidi. Ukingatwa usoni, kichwani, shingoni au vidoleni hali ni mbaya zaidi, kichwani kwa sababu njia ni fupi na vidoleni kwa sababu mishipa ya fahamu imejaa pale. Watoto ni wafupi, mbwa akiwarukia anapata uso, kwaiyo mtoto aliyeng'atwa shavuni usimfanyie hesabu za "tutaenda Jumatatu".

Virusi vikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, hakuna dawa. Naandika wazi hivyo kwa sababu kuna watu wanasubiri waone dalili ndo waende hospitali, na hapo wanakuwa wamechelewa moja kwa moja. Waliowahi kupona baada ya dalili duniani kote ni wachache mno. Dalili zenyewe zinaanza kama homa tu na uchovu, alafu lile kovu lililopona zamani linaanza kuwasha na kuchoma choma, baadae mgonjwa anaogopa maji, na siyo kuogopa kwa akili, ukimletea kikombe koo linajikaza lenyewe kwa maumivu, hata upepo wa feni unamshtua. Wengine hawafanyi fujo yoyote, wanapooza polepole kuanzia pale walipong'atwa, na hao ndo wanaosemwaga wamerogwa au wana malaria iliyopanda kichwani. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni watu karibu 1,500 kwa mwaka, na karibu wote chanzo chao ni mbwa.

Ila hiyo safari ndefu ya virusi ndo nafasi yako. Chanjo ukiipata mapema mwili unatengeneza kinga kabla virusi havijafika juu. Tangu 1885, pale Louis Pasteur alipomchanja Ufaransa mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa na mtoto akapona, mbio ni hizohizo, nani anafika kwanza.

HATUA YA KWANZA: OSHA, DAKIKA 15, KWA SABUNI

Hapa nitakaa kidogo maana ndo hatua iliyo mikononi mwako na haihitaji daktari wala hela, na watu wanaifanya vibaya.

Sio kunawa. Sio kumwagia maji ya kikombe na kufuta na kitambaa. Ni maji yanayotiririka juu ya jeraha na sabuni, dakika 15 kamili, weka alamu kwenye simu kwa sababu bila alamu utaosha dakika mbili utaona umemaliza. Sabuni yoyote, ya mche ile ya kufulia inafaa sana, ya unga inafaa, ya kuogea inafaa. Virusi hivi vina ganda la mafuta na sabuni inalivunja, ndo maana maji peke yake hayatoshi.

Sasa najua mtu wa Chamwino au Bahi atasema ndugu, hapa maji tunayafuata na punda, nitayatiririsha wapi dakika 15? Fanya hivi. Chukua dumu la lita 20, au la lita 5 kama ndo lililopo ila utajaza mara mbili tatu, toboa tundu dogo chini kwa msumari, lining'inize kwenye tawi kama kibuyu chirizi tunachonawia chooni, maji yatoke mkondo mwembamba. Ukishindwa hilo chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, jaza maji, ukiikamua inarusha maji kwa nguvu na yanaingia mpaka ndani ya kitundu cha jino. Hiyo ndo nzuri kuliko zote kwa majeraha madogo ya kuchomwa na meno, maana kitundu kinajifunga juu na mate yanabaki ndani. Mtoto atalia. Mshike, imba naye, endelea. Maji ya kisima, ya bomba, ya lambo yaliyochemshwa yakapoa, yote sawa, usipoteze nusu saa unatafuta maji ya chupa.

Ukimaliza pakaa iodini au spiriti kama ipo. Kama haipo acha hivyohivyo.

Na hata kama jana hukuosha, au umesoma hapa na jeraha lina siku mbili, osha sasa hivi. Haijapitwa na wakati.

HATUA YA PILI: USIWEKE KITU

Nimeona na nimesikia mengi. Mafuta ya taa, majivu, pilipili, kitunguu swaumu, dawa ya meno, tumbaku, maji ya betri (jamani), manyoya ya mbwa huyohuyo yamechomwa yakasagwa. Alafu kuna lile jiwe jeusi la nyoka, watu wanalibandika linaganda kwenye damu wanasema linanyonya sumu. Kwanza hakuna sumu hapo, mbwa sio nyoka, kuna virusi, na jiwe halinyonyi virusi. Pilipili na mafuta ya taa vinachubua nyama na kuzidi kufungua njia. Wala usinyonye jeraha kwa mdomo.

Usifunge bandeji ya kubana. Na hospitali usimlazimishe daktari ashone ili kovu likae vizuri, majeraha ya mbwa kwa kawaida hayashonwi haraka, kushona kunasukuma mate ndani zaidi, kama ni lazima kushona kwa sababu limechanika vibaya basi kuna sindano inatangulia, nitaieleza hapo chini.

Kwa waganga sisemi usiende kabisa, kila mtu na imani yake, ila nenda ukiwa umeshachomwa sindano ya kwanza.

HATUA YA TATU: JIPIME UKO KUNDI GANI

Wataalamu wanagawa mara tatu. Kundi la kwanza, mnyama kakugusa tu, kakulamba kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko, umemlisha: nawa, huhitaji chanjo. Kundi la pili, kakubana na meno ngozi bila kutoka damu, au mkwaruzo mdogo mkavu: osha na upate chanjo. Kundi la tatu, jino limepenya, damu imetoka hata tone moja, au mate yameingia kwenye kidonda, jichoni, mdomoni, puani: osha, chanjo, pamoja na ile sindano nyingine ya kinga ya haraka. Mpwa wangu na vitundu vyake viwili alikuwa kundi la tatu, sawasawa na mtu aliyeraruliwa paja. Watu wengi hapo ndo wanashangaa.

Huna uhakika kama damu ilitoka? Kuna njia ya zamani ya kujua mikwaruzo midogo: dondoshea spiriti, kikichoma ujue ngozi imefunguka. Ukibaki na shaka jihesabu kundi la juu.

HATUA YA NNE: PIGA SIMU KABLA HUJAPANDA BODA

Hili limetugharimu siku nzima. Tulimchukua mtoto tukakimbilia sehemu ya karibu, tukakaa foleni, tukaambiwa chanjo hiyo haipo, nendeni mbele, na kule mbele nako ikabidi tusubiri. Chanjo hii inakaa kwenye friji muda wote na zahanati nyingi za vijijini hazina. Kwaiyo mkiwa mnaosha, mtu mwingine apige simu. Mwulize mhudumu wa afya wa kijiji, mganga mfawidhi, au jirani anayefanya kazi hospitali, swali moja tu: "chanjo ya kichaa cha mbwa ipo leo?" Wa wilayani anzieni hospitali ya wilaya, Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Chemba, Bahi, Chamwino, na wa mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, ile wenyewe tunaiita General. Wizara ya Afya wana namba ya bure 199, piga uulize. Famasi kubwa za mjini nazo huwa zinaulizwa, ila ukinunua hakikisha inatoka kwenye friji na inasafirishwa na barafu mpaka kwa mchomaji, chanjo iliyokaa mfukoni kwenye jua la Dodoma kuanzia Majengo mpaka Ihumwa hiyo ni maji.

Bei inategemea unapoipata, ulizia simuni pamoja na idadi ya sindano, maana unataka hesabu ya dozi nzima na sio ya leo tu. Mwanaukoo mmoja ashike hiyo hesabu. Wengi wanaokatisha hawakatishi kwa ubishi, ni nauli ya safari ya tatu imekosekana.

Kama wameng'atwa watu wawili watatu na mbwa mmoja, nendeni pamoja siku moja. Kuna njia ya kuchoma kiasi kidogo sana kwenye ngozi badala ya msuli, kichupa kimoja kinahudumia watu kadhaa, ila kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe ndani ya saa chache. Mkija pamoja mnasaidiana.

HATUA YA TANO: SINDANO ZENYEWE

Sahau hadithi za sindano 21 za tumboni, hizo ni za enzi za wazee. Siku hizi zinachomwa begani, na mtoto mdogo anachomwa pajani kwa mbele. Usikubali ichomwe kwenye tako, pale mafuta ni mengi na kinga haijengeki vizuri, na kuuliza kwa adabu sio kosa, "samahani daktari, hii si inachomwa mkononi?"

Ratiba ya msuli inayotumika sana ni siku ya 0, ya 3, ya 7 na ya 14, sehemu nyingine wanaongeza ya 28. Ile ya kwenye ngozi ni sehemu mbili kila siku, siku ya 0, 3 na 7. Utapewa kadi, fuata kadi yako na usichanganye na ya jirani. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, sio siku uliyong'atwa, hapo wengi wanapotea. Ukianza Jumatatu, siku ya 3 ni Alhamisi, ya 7 ni Jumatatu inayofuata, ya 14 Jumatatu nyingine tena. Sisi tuliandika tarehe kwa chaki mlangoni kwa bibi, kubwa, kila anayepita anaona, na kila ilipofika mtoto mwenyewe alikuwa anazikimbia akijificha zizini kwa mbuzi.

Sasa ile sindano nyingine. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kinga na inachukua siku saba mpaka kumi na kitu. Kwa kundi la tatu kuna pengo hapo katikati, kwaiyo inatolewa kinga iliyokwisha kutengenezwa, inaitwa imunoglobulini, inachomwa ndani na pembeni ya jeraha lenyewe siku ya kwanza. Inauma, sidanganyi. Ni adimu na ni ghali na sehemu nyingi haipo. Ikikosekana usiondoke kwenda kuitafuta kabla ya kuchanjwa, anza chanjo leo, alafu itafute, ina nafasi mpaka siku ya saba tangu sindano ya kwanza, baada ya hapo haina kazi tena. Na hapo ndo utaona umuhimu wa zile dakika 15 za sabuni, kwa mtu aliyekosa imunoglobulini kuosha ndo ulinzi wake mkubwa wa wiki ya kwanza.

Uliza pia pepopunda na dawa ya kuzuia usaha, mdomo wa mbwa una mengi.

Mjamzito anachanjwa. Anayenyonyesha anachanjwa. Mtoto mchanga anachanjwa. Mwenye HIV au anayetumia dawa zinazoshusha kinga anachanjwa ila amwambie daktari mapema kwa sababu anaweza kuhitaji uangalizi zaidi. Kwenye ugonjwa usiopona hakuna mtu wa kuambiwa asubiri. Na kama uliwahi kumaliza dozi kamili miaka ya nyuma ukang'atwa tena, kwa kawaida ni sindano mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila imunoglobulini, kwaiyo kadi ya zamani usiichanie kuwashia moto.

Umepitiwa siku? Nenda siku inayofuata uendelee pale ulipoishia, haianzwi upya. Wapo waliokaa kimya wiki nzima kwa aibu ya kugombezwa na nesi. Gombezwa, uchomwe.

Na aliyeng'atwa mwezi uliopita hakwenda? Aende leo kama hana dalili. Virusi havina kalenda yetu.

HATUA YA SITA: MNYAMA AFANYWE NINI

Kijijini jambo la kwanza ni marungu. Naelewa hasira, ila mbwa akiwa hai na anaweza kufungwa salama ana faida kuliko akiwa maiti. Mbwa au paka anayetoa virusi kwenye mate anakufa ndani ya siku chache, kwaiyo kanuni ni siku 10: afungwe kwa mnyororo au bandani, apewe maji na chakula kwa mbali, mtaalamu wa mifugo wa kata aitwe. Siku 10 zikiisha mzima, anakula, anabweka kama kawaida, maana yake siku ile hakuwa na virusi mdomoni, na daktari anaweza kukwambia uache sindano zilizobaki. Ila chanjo inaanza siku ya kwanza, husubiri hizo siku 10 ndo uanze. Na kanuni hii ni ya mbwa na paka tu, usiitumie kwa fisi wala punda.

Mbwa amekimbia hajulikani? Mhesabu anaumwa. Mbwa ana cheti cha chanjo? Vizuri, hatari inapungua, bado uende ukaulize.

Akiwa amekufa au imebidi auawe, asipigwe kichwani, ubongo ndo unaopimwa maabara. Usimshike kwa mikono mitupu, vaa mifuko ya nailoni hata miwili mikononi, na usijitie kukata kichwa mwenyewe, mwite mtaalamu wa mifugo yeye anajua kukitoa na kukipeleka kwa barafu, kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari wanaopima. Mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe. Kale kajibwa ketu kalitupwa korongoni, na nani anajua ni mbwa wangapi au mbweha waliokagusa usiku ule. Hatukupata kupima chochote, ikabidi tuhesabu kalikuwa nacho.

Dalili za kumshtukia mnyama: amebadilika. Mkali amekuwa mpole kupindukia au mpole amekuwa mkali, anang'ata mawe na vijiti, anatembea mbali bila mwelekeo, sauti imekuwa ya kukwaruza, taya linaning'inia, anayumba miguu ya nyuma. Wengi wanasubiri mbwa wa povu kama wa kwenye picha wakati mwingine anajificha tu chini ya kitanda kimya. Fisi au mbweha akiingia mjini mchana kweupe haogopi watu, usimpige picha, ingiza watoto ndani.

NG'OMBE, MBUZI NA PUNDA

Hii naiandika kwa wafugaji wenzangu. Ng'ombe aking'atwa na mbwa mwenye kichaa naye anaugua, na akiugua anaonekana kama amekwamwa na kitu kooni, anatoa mate mengi, analia kwa sauti ya ajabu iliyokauka, hawezi kumeza. Basi mwenye ng'ombe anafanya nini? Anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kutafuta huyo mhogo au gunzi lililokwama. Mkono wenye mikwaruzo ya miiba, ndani ya mate ya ng'ombe. Usifanye hivyo kabla hujajua, mwite bwana mifugo, na kama ulishafanya, osha dakika 15 na nenda ukachanjwe kama aliyeng'atwa. Punda naye anakuwa mkali anang'ata watu na kujing'ata mwenyewe, na hapa kwetu punda wanashikwa na watoto kutwa nzima kwenye kubeba maji.

Mnyama anayeumwa asichinjwe. Anayechuna na kukata kichwa ndo yuko hatarini kuliko mlaji. Nyama iliyopikwa vizuri na maziwa yaliyochemshwa hayajulikani kumpa mtu ugonjwa huu, kwaiyo kama mlishakula kabla ya kujua msiingie hofu, ila maziwa mabichi ya huyo ng'ombe mwageni. Panya na sungura kwa kawaida hawaenezi, ingawa wa kung'atwa na panya bado aoshe jeraha. Popo ukimshika au akikukwaruza, nenda hospitali.

HATUA YA SABA: MBWA WAKO

Yote ya juu ni ya kukimbizana. Ugonjwa wenyewe unakatwa kwa kuchanja mbwa, na hesabu inayotumika ni angalau 70 kati ya kila 100 katika eneo, hapo hata wakizagaa virusi vinakosa pa kwenda. Pemba wamefanya hivyo na wakaufuta kwa mbwa wao, ukarudi, wakachanja tena wakaufuta, kwaiyo sio hadithi za Ulaya.

Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na kampeni nyingi zinapangwa karibu na hapo, mara nyingi bure, sikiliza matangazo ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Nje ya kampeni mtafute mtaalamu wa mifugo wa kata. Rudia kila mwaka, na paka mpeleke pia. Watoto wa mbwa usiwaache nyumbani eti bado wadogo, wabebe wote, mtaalamu ndo ataamua, wetu alikuwa mdogo.

Siku yenyewe nenda asubuhi na mapema kabla jua halijakaza, mbwa wakikaa foleni na joto wanagombana na ndo mtu anang'atwa palepale kwenye chanjo. Mfunge kamba ya katani shingoni, kavu na fupi, asiyezoea kamba mfunge mdomo kwa kuzungusha kitambaa laini mara mbili kwenye pua na taya na kukiunganisha nyuma ya masikio. Aje na mtu mzima anayemjua, maana mtoto wa miaka nane hawezi kulivuta jibwa la kuchunga ng'ombe likishaona majibwa mengine. Mwaka uliofuata mama alikwenda na mbwa watatu na mjukuu, mjukuu akawa ndo ameshika vyeti, na kila aliyemkuta njiani anamwonyesha kisigino.